Mama Kinyundo na duara la buluu lililofutwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, jumba la saa lililo katikati ya jiji bado limefungwa, lakini ndani yake kuna mtu anabisha hodi darini.

Ko, ko, ko.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na minne. Amesimama juu ya jukwaa la chuma lenye magurudumu, kitambaa kichwani, na mkononi ana kinyundo cha mbao kisichozidi mwiko kwa ukubwa. Anagonga mara tatu, anafumba macho, anageuza shingo ili sikio la kulia lielekee juu. Anasubiri. Kisha anatikisa kichwa.

"Si hapa."

Amesema hivyo mara kumi na nane tangu afike. Anatafuta kitu ambacho alishakipata Jumanne, kikampotea Jumatano.

Chini ya jukwaa amesimama wifi yake, mkuu wa wasafishaji wa jumba hilo, ameshika daftari na kalamu. Kwa kawaida saa hizi huwa anapiga deki ngazi. Leo anaandika namba.

"Kumi na tisa, wifi?"

"Ko."

"Ishirini?"

"Subiri kwanza, usinipe presha."

"Presha unayo tayari. Mimi naisoma tu."

Wanacheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala vizuri. Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, kamba nyekundu iliyofunga mlango wa ukumbi huu itaondolewa. Kwenye orodha ya kesho kuna wanafunzi mia mbili na arobaini kutoka shule nne. Wataingia kwa zamu, wataketi kwenye mabenchi, watainua nyuso kutazama dari, kwa sababu kila anayeingia hapa huinua uso. Na huyu mwanamke anaamini kwamba mahali fulani juu ya nyuso hizo kuna kipande cha lipu kilichoachia fito zake, kinangoja siku yake.

Hajui ni wapi.

Wafanyakazi wenzake humwita Mama Kinyundo. Kazi yake ni kugonga dari kabla wageni hawajaingia, na ameifanya kwa miaka kumi na tisa.

Jumba lenyewe halihitaji kusifiwa. Mgeni akishuka tu jijini huonyeshwa hili kwanza. Mbele lina matao saba ya mawe, na ukishapita matao unapanda ngazi mia moja na kumi na nane, ambazo zimelika katikati kwa nyayo za watu mpaka zimefanya kibonde. Juu kuna roshani ya chuma kilichosukwa kama lesi. Ukisimama pale unaliona jiji zima: kuba la soko kuu, mnara wa posta, mapaa ya vigae yaliyobanana kama watu waliojifunika shuka moja, na nyuma yake maghorofa mapya ya vioo.

Lakini wengi hawaji kwa ajili ya roshani. Wanakuja kwa ajili ya ukumbi wa juu, na ndani ya ukumbi wanakuja kwa ajili ya dari. Dari hiyo ni ya lipu iliyopambwa kwa mkono na mafundi ambao makaburi yao hayajulikani tena yalipo. Imegawanywa miraba mia moja tisini na miwili, na kila mraba una jani kwenye kila pembe na ua katikati. Lipu hiyo haina chuma ndani. Imeshikwa na fito za mbao, imezikumbatia kwa nyuma kama vidole.

"Vidole vikichoka vinaachia," anasema Mama Kinyundo. "Kwa macho huoni kitu. Ua linakuwa zuri vilevile. Lakini ukigonga, lipu iliyoshika inajibu ko. Iliyoachia inajibu bo. Ndiyo kazi yangu yote, mwanangu. Ko na bo."

Kazi hiyo alifundishwa na baba mkwe wake, fundi lipu wa jumba hilo. Mzee alikuwa na wana watatu, na wote watatu walikataa kuamka alfajiri. Mkwe hakukataa. Alipewa kinyundo, akapewa na sheria tatu: usigonge siku ya mvua, usipite bo bila kuizungushia chaki ya buluu, na usishuke kwenye jukwaa kabla hujaandika namba ya mraba kwenye daftari.

Analipwa kwa siku. Ujira wa siku moja unanunua kilo nne za unga, nusu lita ya mafuta, na nauli ya kurudi nyumbani. Siku ambayo hakugonga hana malipo, kwa hiyo mvua ikinyesha wiki nzima, wiki nzima mfuko ni mkavu. Kuna watu wangegonga siku za mvua wapate chochote. Yeye hakuwahi, mpaka wiki hii.

"Lipu ikinywa maji inavimba," anaeleza. "Nafasi iliyokuwa wazi kule nyuma inajibana. Mlio unapona, ugonjwa haujapona. Ukigonga siku hiyo utaandika uongo, na Mungu anakuona."

Nyumbani kwao amekuwa kichekesho kwa sababu ya kazi hii. Akialikwa harusini, kwanza anatazama dari ya ukumbi, ndipo anachagua kiti. Hata kwenye nyumba ya ibada ana nafasi yake, karibu na nguzo, na hakuna anayeikalia. Wifi yake ndiye kinara wa kumtania. "Huyu siku ya kiyama atauliza kwanza, huko tuendako dari ni ya nini?"

Sasa turudi Jumanne.

Jumanne alasiri, wageni wakiwa wanapungua, Mama Kinyundo alikuwa amemaliza mzunguko, anarudia miraba michache ya huku na kule, yote inafanana machoni. Akagonga. Dari ikajibu bo. Akagonga tena, bo. Mara ya tatu, bo. Akatoa chaki ya buluu, akachora duara kubwa kama sinia.

Alipotaka kuandika namba, kengele ya kufunga ikalia na mlinzi akaanza kufokea wageni waliogoma kutoka roshani. Wakati huohuo simu ya Mama Kinyundo ikaita. Alikuwa mume wake, akimwambia bomba la jikoni limepasuka na maji yanaingia chumbani.

"Nikashuka," anasema, na hapo anatazama viatu vyake. "Nilijiambia, duara lipo, duara haliendi popote. Nitaandika kesho. Miaka kumi na tisa sijashuka bila kuandika. Siku moja tu."

Jumatano asubuhi alifika na fundi wa kutegemeza dari. Akainua uso. Dari ilikuwa nyeupe pe, imetakata kama ya jumba jipya.

Aliita watu wote. Wifi yake alikuja mbio na ndoo mkononi.

"Wifi, nani kafuta dari yangu?"

"Dari yako au alama ile ya buluu? Alama nimefuta mimi. Jana jioni bosi kasema wapiga picha wanakuja leo asubuhi kwa ajili ya bango la wageni, hataki kuona doa. Nikaona doa. Nikasukuma jukwaa lako pembeni, nikafunga kitambaa kwenye fagio la utando, nikalisugua."

"Lile si doa!"

"Wewe umeajiriwa kugonga, mimi nimeajiriwa kufuta. Chaki ikiwa darini mimi nijuaje kama ni ya maana? Kwani namba hukuandika?"

Mama Kinyundo akamnyooshea daftari. Wifi yake akalichukua lile daftari, akalifungua ukurasa wa Jumanne, akalifunga. Kwa kawaida angekuwa na la kusema. Siku hiyo alisema kwa sauti ya chini, "Mali bila daftari, wifi," akaishia hapo.

Ni kweli kwamba wifi huyo anamfahamu Mama Kinyundo tangu ujana, na kwamba wamewahi kununiana miezi mitano kwa sababu ya sufuria. Lakini anasema hajawahi kumwona na uso ule. "Alikuwa kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma na dereva hayumo."

Wangeweza kugonga upya siku hiyohiyo. Lakini saa nne mvua ikaanza, ikanyesha Jumatano yote na Alhamisi hadi jioni. Mama Kinyundo alizivunja sheria za mkwewe kwa mara ya pili katika wiki moja: aligonga kwenye mvua. Alifikia miraba sabini. Yote ilijibu ko. Hakuiamini hata mmoja.

Msimamizi wa jumba si mtu mbaya. Aliufunga ukumbi kwa kamba tangu Jumatano, akavumilia wageni waliopanda ngazi mia moja na kumi na nane na kukuta mlango umefungwa. Wengine walidai warudishiwe kiingilio. Alhamisi alimwita fundi wa kampuni aliyekuja na kifaa cha kupimia. Fundi huyo alipima sehemu ishirini kati ya miraba mia moja tisini na miwili, akaandika neno moja: salama.

"Mama, nakuheshimu," msimamizi alimwambia mbele ya wenzake. "Lakini siwezi kuendelea kuufunga ukumbi kwa sababu ya mlio ambao hakuna aliyeusikia ila wewe. Nakupa hadi Jumamosi saa tatu."

Maneno hayo, mlio ambao hakuna aliyeusikia ila wewe, ndiyo yaliyomnyima usingizi. Kwa sababu kuna jambo ambalo msimamizi hakulijua.

Sikio lake la kushoto limekwisha. Muuguzi wa zahanati alimwambia hivyo mwaka juzi, akamwambia pia kwamba la kulia nalo limeanza kufuata. Mume wake ndiye aliyempeleka. "Redio anaifungulia mpaka jirani anajua habari kabla yetu," anasema mume, mzee mpole aliyestaafu kazi ya ufundi bomba, na kwa kuwa yeye ndiye fundi bomba, lile bomba lililopasuka Jumanne nalo ni aibu yake. "Nikimwita kutoka nyuma haitiki. Mwanzoni nilidhani amekasirika."

Mama Kinyundo aliificha habari hiyo kazini. Akajifunza kugeuza shingo. Watu wakadhani ndiyo mtindo wake.

"Alhamisi jioni nilikaa kitandani nikajiuliza," anasema. "Ile bo ya Jumanne, niliisikia darini au ilikuwa kichwani? Kama ni kichwani, nimewanyima watu ukumbi wao bure. Kama ni darini, kesho kutwa kuna watoto. Nilimwomba Mungu anionyeshe. Halafu nikaogopa atanionyesha kwa njia gani."

Ijumaa, jua limetoka. Kufikia saa nne mwanga unapita kwenye madirisha marefu ya ukumbi na kulala sakafuni. Lipu inaanza kukauka, lakini muda hautoshi. Mzunguko mzima wa dari humchukua siku nne. Ana siku moja.

Nje ya kamba wageni wamesimama, wanachungulia. Mmoja, mwanamume mwenye kamera, anauliza kwa sauti kama humo ndani wanatafuta hazina. Wifi mtu anamjibu bila kugeuka: "Tunatafuta kichwa cha mtu kabla hakijapasuka. Sogea nyuma, baba."

Saa sita wanakaa kupumzika na chupa ya chai. Mama Kinyundo hanywi. Anamwuliza wifi yake kwa mara ya kumi alisimama wapi siku ile alipofuta.

"Nimekwambia sikumbuki. Mimi nafuta madoa mia kwa siku. Nakumbuka maji tu. Kile kitambaa sikukikamua vizuri, maji yakanichuruzikia hadi kwenye kwapa, nikasema ah. Yakadondoka na chini, nikapiga deki tena."

"Maji ya rangi gani?"

"Maji ni maji, wifi. Yana rangi ya..."

Hakumaliza. Maji yaliyofuta chaki ya buluu lazima yawe yamedondoka palepale chini ya alama. Kisha wanawake hao wawili, mmoja ana miaka hamsini na minne na mwingine amepita hamsini, walipiga magoti na kuanza kutambaa sakafuni.

Sakafu ilikuwa safi. Wifi mtu alikuwa ameifuta, na yeye akifuta amefuta. Lakini ukumbi una mabenchi manane yaliyofungwa kwa bolti, hayasogei, na migongo yake imechongwa maua. Walipitisha vidole benchi moja baada ya jingine, kwenye mikunjo ya maua, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kwenye benchi la sita, wifi mtu aliinua kidole. Kilikuwa na vumbi la buluu.

Hakuna aliyeshangilia. Walilisukuma jukwaa hadi pale. Mama Kinyundo alipanda, akashika nguzo ya jukwaa kwa muda kabla ya kuinua mkono. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na kila aliyekuwa pale alijua ni sala.

Mraba wa kwanza juu ya benchi: ko. Wa pili: ko.

Wa tatu aligonga, akafumba macho. Akagonga tena. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa. Alimwita mtu mwingine apande.

"Sipandi, wifi, mimi urefu unanitia kizunguzungu."

"Panda. Sitaki kuisikia peke yangu."

Wifi mtu alipanda huku akimtaja Mungu kila ngazi. Akasimama, amemshika mwenzake kiuno. Mama Kinyundo aligonga mraba wa pili. "Sikia huu." Kisha akagonga wa tatu. "Na huu."

"Huu umetoka kama debe," alisema wifi mtu.

"Kweli?"

"Kama debe tupu, wifi. Hata kiziwi angesikia."

Wifi mtu hakujua alichokuwa anakisema. Mama Kinyundo alikaa chini palepale juu ya jukwaa, miguu ikining'inia, akalia.

Mafundi waliitwa jioni hiyo. Walikiteremsha kipande kwa mikono, polepole, juu ya godoro. Kilipimwa kwenye mizani ya mlangoni inayopimia mizigo ya wageni: kilo kumi na moja na nusu. Nyuma yake fito tano zilikuwa nyeusi, zimeoza. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba juu yake, na maji yalikuwa yakidondoka hapo kwa muda ambao hakuna anayeujua. Chini yake hasa, benchi la sita huketisha watoto wanane.

Msimamizi alikitazama kipande kile. Akavua miwani, akaifuta. Akamshukuru Mama Kinyundo mbele ya watu, akampa mkono, akasema kazi yake ni ya thamani na haina mbadala.

Na simulizi hii ingeweza kuishia hapo, kila mtu amefurahi. Lakini Mama Kinyundo hakuuachia ule mkono.

"Bosi, usinishukuru kwanza. Hiyo niliisikia. Je, ambazo sikuzisikia?"

Akamweleza. Sikio la kushoto, muuguzi, la kulia linalofuata, mwaka juzi mpaka leo. Wifi yake, aliyekuwa hajui, aliweka ndoo chini. Msimamizi alirudisha miwani machoni. Kipande cha lipu kilikuwa bado sakafuni katikati yao, ua lake likitazama juu.

Jumamosi ukumbi haukufunguliwa. Wanafunzi mia mbili na arobaini walipelekwa roshani wakaonyeshwa kuba la soko na mnara wa posta. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba wamekuja kuona dari na wameonyeshwa mapaa.

Uamuzi uliotolewa ni huu: dari yote igongwe upya, mraba mmoja mmoja, kwa masikio mapya. Wamepewa siku tisa, kwa sababu baada ya hapo shule zinafungwa na wageni huwa mara mbili. Baada ya siku tisa msimamizi atasema kama Mama Kinyundo anabaki au anaondoka. Hajaahidi chochote.

"Siwezi kumlaumu," anasema Mama Kinyundo. "Mwandike hivyo hivyo, na sikio liandikeni. Niliyekuwa namficha ameshajua."

Mpango wake ni mmoja. Masikio mapya yamepatikana, na yako ndani ya ukoo. Wifi yake husikia kijiko kikianguka nyumba ya tatu. Anataka amfundishe ko na bo kabla sikio la kulia halijamwacha, kisha yeye abaki chini na daftari. Anasema kuandika kunahitaji macho tu, na macho Mungu bado amemwachia. Ameshalifunga daftari kwa kamba, analivaa shingoni. Kalamu nayo ina kamba yake.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, jumba bado limefungwa. Safari hii anayetetemeka juu ya jukwaa ni wifi mtu, kinyundo mkononi. Mama Kinyundo amesimama chini, uso juu.

Mraba wa kwanza. Wifi mtu anagonga, anasema ko. Namba inaandikwa. Wa pili, ko. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kutoka chini Mama Kinyundo hasikii kitu. Anauona mkono ukienda na kurudi, basi. Anachotazama ni uso wa mwenzake.

Mraba wa sita. Mkono unagonga, unatulia. Unagonga tena. Wifi mtu anakunja uso na kufumba macho, na bila kufundishwa anageuza shingo.

"Wifi?" anaita Mama Kinyundo. Kalamu imeshagusa karatasi. "Wifi, ni nini?"

"Subiri kwanza," sauti inashuka kutoka darini. "Usinipe presha."